Nimenyanyua Hilux yangu, fundi akaniambia nimlete shemeji

Naandika nikiwa na hasira na sitaki zipoe kwanza. Kuna gereji moja hapa Dar, pembeni ya Barabara ya Bagamoyo, wanajitangaza kwamba wao ndio mabingwa wa kunyanyua pikapu. Niliwapelekea Hilux yangu wainyanyue inchi mbili tu, mbele na nyuma. Wakanirudishia gari ambalo nusura liniingize mtaroni pale Tegeta.

Nafuga kuku wa mayai Mabwepande. Nashusha trei Mwenge na Kariakoo, narudi na mifuko ya chakula cha kuku. Anayeijua njia ya huko ndani wakati wa masika hawezi kuniuliza kwa nini nilitaka gari liwe juu: makorongo katikati ya barabara, mawe yanayokwaruza tumbo la gari mpaka unahisi unakwaruzwa wewe. Sikutaka gari la kuonyeshea watu. Matairi yabaki yaleyale, pikapu ipande kidogo, basi.

Fundi akaitikia, "Hamna shida dada, jioni njoo uchukue." Alichofanya ni kutafuta spesa, vipande vya chuma vya kuongeza urefu, zenye unene wa inchi mbili akazipachika juu ya shokapu za mbele. Wanaoelewa hapo wameshashika vichwa. Shokapu ya mbele ya Hilux haikamati kwenye tairi, inakamata katikati ya mkono wa chini, ule unaoshika tairi, kwa hiyo inchi moja ukiiongeza pale juu, kwenye tairi inakuja karibu inchi mbili. Mimi niliomba mbili, yeye akanipa karibu nne. Pua ikaangalia juu, usiku kila anayekuja mbele yangu ananiwashia taa kali kwa sababu zangu zinampiga machoni. Ekseli za mbele zikakaa kwa pembe kali mpaka buti moja la CV joint, yaani mpira unaofunika kiungo cha ekseli, likachanika, grisi ikaruka ndani ya rimu yote. Usukani ukawa mwepesi wa ajabu, ukikata kona haurudi wenyewe, na ukifika spidi ya 80 kwenye lami gari linatangatanga kama halina mwenyewe. Alaimenti, yaani kunyoosha matairi, aliniambia amefanya. Amefanya kwa macho.

Lakini hayo yote ni madogo. Kubwa ni breki. Nyuma ya Hilux kama yangu kuna valvu ya breki yenye kijiti kilichounganishwa na ekseli. Ukipakia mzigo bodi inashuka, kijiti kinasogea, valvu inaziruhusu breki za nyuma zishike zaidi. Ukinyanyua nyuma halafu kile kijiti ukakiacha kilivyokuwa, valvu inaamini gari ni tupu hata kama umejaza mifuko hadi juu. Mimi siku hiyo nilikuwa nimejaza. Mvua inanyesha, daladala mbele yangu ikasimama ghafla kushusha abiria, nikakanyaga: mbele inashika, nyuma hakuna kitu, na stelingi yenyewe haieleweki. Nilisimama tairi moja ikiwa ukingoni mwa mtaro. Abiria walishuka kunipa pole.

Kesho yake nikarudi gereji. Alikuwa amekaa juu ya tairi, anakula chipsi. Nikamweleza taratibu, sikumpandishia sauti. Akanisikiliza mpaka mwisho, akafuta mikono, akasema: "Dada, wewe si ulitaka gari lipande? Limepanda. Haya mambo ya breki na stelingi ni ya kiufundi, mlete shemeji tuongee."

Vijana wake wakacheka.

Nikamwambia shemeji yako hana hata leseni. Gari ni langu, kadi ina jina langu, hela umeipokea mkononi mwangu. Ndipo akamgeukia kijana wa bodaboda aliyekuwa amesimama pale anasubiri abiria, akamuuliza kama yeye ndiye dereva wangu! Kijana hanijui, hajawahi kuniona. Nimefikiria jambo hili mara nyingi tangu hapo na kila nikilifikiria damu inachemka upya. Ungekosea kazi ukaniambia "samahani mama, lete nirekebishe", leo nisingekuwa naandika. Nimeshakosewa na mafundi kabla, kazi ya mikono ina makosa yake. Ila unamcheka mtu uliyemharibia breki?

Siku zile nilikuwa namwambia kila mtu asithubutu kunyanyua gari. Sasa nabadilisha.

Jirani alinielekeza kwa mzee mmoja Ilala. Swali lake la kwanza, kabla hata hajainama: "Mama, gari hili unabebea nini?" Yule wa kwanza hakuwahi kuniuliza hilo. Akatoa spesa zile akaweka za inchi moja. Nyuma yule wa kwanza alikuwa ameongeza jani nene, bamba la chuma, kwenye springi, nalo mzee akalitoa, kwa sababu lingefanya gari lirukeruke likiwa na mzigo mwepesi, na mzigo wangu wa kwenda mjini ni mayai. Badala yake akabadilisha vishikio vya mwisho wa springi, akaweka virefu kidogo. Akarekebisha kijiti cha valvu huku mimi nimechuchumaa namwangalia, akakagua mipira ya breki isije ikavutika, akashusha taa, akanituma kwenye alaimenti ya mashine na akanidai karatasi niliporudi. Aliisoma ile karatasi yote kabla ya kuniruhusu niondoke.

Na jamani, raha! Korongo la karibu na kwangu nalivuka sasa bila kugusa. Trei zinafika salama. Pikapu iliyonyanyuliwa kwa kiasi, na mtu anayejua, ni kitu kizuri sana kwa njia zetu, namshauri kila anayekaa Goba, Madale, Mabwepande. Ila msidanganywe kwamba kila kitu kinapanda. Difu ya nyuma, lile bonge la gia katikati ya matairi, imekaa kwenye ekseli na ekseli imekaa kwenye matairi, pale chini ni palepale mpaka uweke tairi kubwa zaidi. Mawe marefu bado nayakwepa.

Nilitaka niishie hapo kwa furaha, lakini nikikumbuka nimelipa kazi moja mara mbili siwezi. Buti jipya nimenunua mimi. Grisi, mimi. Alaimenti, mimi. Na yule bwana bado anapokea magari ya watu kila siku, na wengine watashuka nayo Bagamoyo Road wakiwa na watoto ndani. Kama umenyanyuliwa gari pale, kabla hujapakia chochote lala chini uangalie kile kijiti cha valvu. Hela yangu nimeshamdai kwa simu na kwa ujumbe. Wiki hii naenda kuidai mwenyewe, na shemeji simpeleki.