Neno "thin" ndani ya WordNet: visawe tele, tahadhari hakuna

Mfasiri, mwandishi wa Kiingereza na mtengenezaji wa programu za lugha hufungua WordNet, hazina ya maneno ya Kiingereza kwenye kompyuta, wakiwa na swali moja: badala ya neno hili, niweke lipi? Hazina hii ilianza kujengwa mwaka 1985 katika Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, chini ya mwanasaikolojia George A. Miller. Ni ya bure, hupakuliwa na kutumika bila mtandao, na tovuti nyingi za visawe huchota humo. Maneno yake hayakupangwa kwa alfabeti. Yale yanayobeba maana moja yamewekwa pamoja katika fungu linaloitwa sinseti, na toleo la 3.0 lina mafungu zaidi ya 117,000. Neno dogo kama "thin" (-embamba) linatosha kuonyesha inapofaulu na inapoponza.

Inafaulu katika kutenganisha fahiwa, yaani maana moja moja za neno. Kama kivumishi tu, "thin" imepewa fahiwa nane, na Kiswahili kinathibitisha kwamba mgawanyo huo una maana, kwa sababu nyingi kati ya hizo zinadai neno lake. Waya ni mwembamba. Mtu ni mwembamba au amekonda. Ndevu ni haba au chache, si nyembamba. Mafuta ya mashine na mchuzi ni vyepesi. Sauti ni nyembamba, lakini tabasamu la "thin" ni la kulazimisha, na hoja ya "thin" ni dhaifu. Mfasiri aliyezoea kuandika "-embamba" kila anapokutana na neno hili atajirekebisha ndani ya dakika moja. Vinyume navyo vimefungwa kwenye fahiwa husika: ya kwanza, ya vitu, inapingwa na "thick", ya pili, ya mwili, inapingwa na "fat". Kazi hii imefanywa vizuri sana, na kamusi nyingi za visawe zinazomwaga maneno arobaini katika aya moja haziifikii.

Mpangilio wa fahiwa hizo usiaminiwe kupita kiasi. Umetokana na hesabu ya matumizi katika matini zilizowekewa alama kwa mkono, na sehemu kubwa ya matini hizo ni maandishi ya Kimarekani yaliyochapishwa mwaka 1961. Fahiwa iliyo mkiani si lazima iwe adimu leo.

Wanaotumia WordNet kupitia NLTK, maktaba ya kuchakata lugha katika lugha ya programu ya Python, hukwama mahali pamoja. Wanaita sinseti "thin.a.02" (fahiwa ya pili ya kivumishi), wanaomba lemmas(), yaani maneno yaliyomo, wanapata maneno mawili tu, "thin" na "lean", kisha wanalalamika kwamba hazina ni maskini. Tatizo ni muundo wa vivumishi. Kila kundi lina neno kiongozi, na mafungu mengine yamelizunguka kama setilaiti. "Slim", "skinny", "gaunt", "lanky" na "wiry" zote ziko kwenye setilaiti, kwa hiyo ni lazima uite similar_tos(), inayorudisha setilaiti, kwanza, ndipo uombe lemmas() za kila fungu lililorudishwa. Kosa la pili ni kuomba antonyms(), yaani vinyume, kwenye sinseti. Kinyume kimefungwa kwenye neno, si kwenye fungu, hivyo huombwa kwenye lemma, yaani neno moja ndani ya fungu. Tena setilaiti haina kinyume chake yenyewe: ukiuliza kinyume cha "skinny" utarudishiwa orodha tupu, mpaka upande hadi kwa kiongozi wake, "thin", ndipo uione "fat". Anayetumia programu ya WordNet yenyewe, isiyopitia Python, ataandika amri wn thin -synsa na kupata kiongozi na setilaiti zake kwa pamoja. Kwa asiye mtaalamu wa programu, njia hiyo ndiyo bora.

Sasa udhaifu, na huu ni mzito. Fungu moja limekusanya "bony", "cadaverous", "emaciated", "gaunt", "haggard", "pinched", "skeletal" na "wasted", likielezwa kuwa ni wembamba mno, hasa wa maradhi, njaa au baridi. Mwandishi akiamini kwamba haya yanabadilishana, atakosea. "Emaciated" ni mwili mzima uliodhoofika, yule tunayesema amebaki gofu la mtu. Ni neno linalokaa sawa hata katika ripoti ya daktari. "Gaunt" huonekana zaidi usoni na kwenye mifupa, mashavu yamebonyea. "Haggard" halihitaji wembamba hata kidogo. Ni uso uliochoka kwa kukesha au wasiwasi, na Kiswahili kina neno lake kamili: amesawajika. Mtu mnene anaweza kusawajika. "Pinched" nalo ni la uso uliokunjamana kwa baridi au dhiki, wala halisemwi kuhusu miguu.

Fungu jingine linaweka "scrawny" na "skinny" pamoja na "underweight". La mwisho ni neno la mizani na la kliniki, lisilo na kejeli. "Scrawny" ni dharau ya wazi, na husemwa pia kuhusu shingo au kuku. "Skinny" liko katikati: kwa mtu mzima usiyemfahamu ni utovu wa adabu, katika jina la suruali ya kubana halina ubaya wowote. WordNet haikuyawekea maneno haya alama yoyote ya hili. Hayana ishara ya sifa, ya tusi, ya lugha ya kitaalamu wala ya mazungumzo, kwa hiyo "slim", ambalo ni pongezi, linaning'inia kwa kiongozi yuleyule kwa namna ileile kama "scrawny". Anayejua tofauti ya "umepungua" na "umekonda" ataelewa uzito wa pengo hili. Kauli zote mbili zinaeleza kilo zilizoondoka, lakini ya pili inaweza kumfanya mtu ajiulize kama anaonekana mgonjwa.

Kwa hiyo itumike hivi. Chagua fahiwa kwanza kwa kusoma fasili na sentensi za mfano, usikimbilie orodha. Kusanya kiongozi na setilaiti zake. Kisha kila neno liulizwe maswali matatu: linasifu, linatweza au halina upande? Linadokeza chanzo, kama njaa au ugonjwa? Linahusu mwili wote au sehemu yake? Kwa "thin" maswali hayo huacha maneno machache tu. "Slender" husifu umbo. "Lean" hudokeza misuli isiyo na mafuta. "Wiry" ni mwembamba mkakamavu. "Lanky" ni mrefu wa mikono na miguu mwenye mwili usio na madaha. "Spindly" ni la miguu, mashina ya mimea na fanicha. Majibu yatoke kwenye kamusi ya wanaojifunza Kiingereza, ambayo huandika wazi neno likiwa la kuudhi, halafu yathibitishwe kwa kutazama sentensi ishirini au thelathini za matumizi halisi katika kopasi, yaani mkusanyo mkubwa wa matini.

Kuna toleo la jamii, Open English WordNet, lililoanza kutolewa mwaka 2019 na linaloendelea kusahihishwa, ambapo mtu yeyote anaweza kuwasilisha kosa. Anayeanza mradi mpya achukue hilo, lakini ahakikishe programu yake haitegemei namba za sinseti za toleo la 3.0, maana namba hizo hubadilika toleo hadi toleo na viungo vya zamani vitaelekea kwenye maneno mengine bila kutoa onyo.