Jina la kadi ya mtandao: lifuate nafasi au MAC?
Kompyuta ya Linux yenye kadi mbili, moja ya intaneti na nyingine ya mtandao wa ndani, ikiwaka majina yakiwa yamebadilishana, ofisi nzima inakwama.

Njia rahisi ni kuiachia systemd, programu inayowasha na kusimamia huduma za Linux, ichague jina. Tangu 2013 huita kadi kwa mahali ilipochomekwa: enp3s0 ni basi ya PCI (njia ya data inayounganisha kadi na ubao mkuu) namba 3, nafasi 0. Huandiki chochote. Kadi ikiungua umeme ukirudi kwa kishindo, unanunua nyingine ya aina hiyohiyo Kariakoo, unachomeka palepale, na kwa kawaida jina linabaki. Ila ukiongeza diski ya NVMe, namba za basi zinaweza kusogea, enp3s0 ikaamka enp4s0.

Njia nyingine ni kulifunga jina kwenye MAC, namba ya utambulisho ya kadi yenyewe. Fungua faili /etc/systemd/network/10-nje.link, weka MACAddress= na MAC ya kadi chini ya sehemu ya [Match], na Name=nje0 chini ya [Link]. Ukihamisha kadi, jina linaifuata. Usichague eth0, maana kerneli (kiini cha Linux) nayo hugawa majina hayo na yatagongana. Kadi mpya? Urekebishe faili.

Kwa mashine inayofunguliwafunguliwa nachagua hii ya pili. Yenye kadi moja, kwa nini ujisumbue? Ukiandika faili ya .link kwenye Debian na Ubuntu, piga update-initramfs -u, amri inayosasisha faili za kuwashia mashine, kabla ya kuwasha upya.