Kamera ya kwanza ya video: angalia tundu la maiki kabla ya 4K

Ikifika Novemba, watu wa Moshi huanza kuniuliza swali lilelile. Desemba ndugu wanarudi nyumbani, migombani kuna ubatizo, sendofu na harusi mpaka mwezi wa kwanza, na katika kila ukoo kuna mtu mmoja aliyepiga hesabu ya hela anayolipwa mpiga video akaona bora anunue kamera yake. Mfukoni ana kati ya laki tano na milioni, na kichwani ana neno moja: 4K, yaani picha yenye nukta mara nne ya Full HD ya kawaida.

Nami nilikuwa hivyo. Kamera yangu ya kwanza niliagiza kwa ndugu aliyeko Marekani, ikaja mpya, nailoni bado iko kwenye kioo. Sendofu ya kwanza ilikuwa kwenye ukumbi mmoja wa Majengo, dari nzima taa za tyubu. Nilipofungua kazi nyumbani, picha ilikuwa inapumua. Mistari ya giza ilikuwa ikipanda kutoka kwenye gauni la binti mpaka usoni, inashuka, inapanda tena, dakika arobaini mfululizo. Kamera haikuwa mbovu. Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, kwa hiyo taa za namna ile huwaka na kufifia mara 100 kila sekunde. Kamera za soko la Marekani hurekodi kwa hesabu ya picha 60 kwa sekunde, au nusu yake 30, na hizo hesabu mbili haziendi pamoja. Jicho la mtu halioni kitu, lenzi inaona yote.

Basi kabla ya kuuliza bei, washa kamera uingie kwenye menyu. Ukikuta 50p, 50i au 25p (ndiyo hiyo hesabu ya picha kwa sekunde), hiyo ni ya upande wetu. Ukikuta 60p au 30p tu, irudishe mezani, labda kama ina sehemu ya kuweka shata, yaani muda wa kupokea mwanga kwa kila picha, kwa mkono, uiweke 1/50 au 1/100 ya sekunde. Kamera nyingi za bei ya chini hazina. Na zile za mtumba kutoka Japani zina mtego wa ziada: Sony za soko la huko huwa na menyu ya Kijapani peke yake, na usitegemee fundi wa mjini akubadilishie.

Siku ileile nilipata funzo la pili, na ndilo lililoniuma zaidi. Ndafu, yaani mbuzi mzima wa kuchoma, ililetwa mbele ikiwa na majani mdomoni, vigelegele, kila kitu nimekipata. Kisha baba wa binti akasimama kutoa wosia. Mzee yule aliongea polepole, akilia kidogo. Kwenye video kinachosikika ni spika ya ukumbi ikinguruma kama pipa, na mama mmoja jirani yangu akikwangua sahani. Familia haikulalamikia ile mistari ya giza. Waliuliza: maneno ya mzee yako wapi?

Ndiyo maana orodha yangu inaanza na sauti.

Namba moja ni Canon Legria HF R, zile zilizotoka kati ya 2014 na 2017: R506, R606, R706, R806. Marekani jina lake ni Vixia, kwa hiyo ukiona Vixia kumbuka habari ya 60. Zinarekodi Full HD, zina zumu ya lenzi ya mara 32, na pembeni zina tundu la maiki. Hilo tundu ndilo unalolinunua. Unachomeka maiki ndogo ya kubana kwenye koti, au kipokezi cha maiki isiyo na waya, na wosia wa mzee unaingia safi. Usichomeke waya wa miksa ya DJ moja kwa moja. Sauti yake ina nguvu mno kwa tundu la maiki, itapasuka. Mwombe aishushe sana, ujaribu kwa spika ya masikioni kabla MC hajaanza. Kasoro yake naijua vizuri: lenzi yake haianzi pana. Kwenye sebule ya Pasua yenye makochi saba na kabati la vyombo, utarudi nyuma mpaka mgongo ugote ukutani na bado shangazi wawili watakuwa nje ya picha. Kuna lenzi za kuongeza upana za kufunga mbele, nunua baadaye.

Namba mbili, na kama una uwezo wa kuongeza hela basi ipande iwe namba moja, ni Panasonic HC-V770 au V785. Sensa yake, yaani kile kipande kinachopokea mwanga, ni kubwa kuliko ya hizo Canon, na ukumbini taa zikipunguzwa kwa ajili ya keki utaona tofauti: ngozi inabaki ngozi, haigeuki mchanga. Zumu ya lenzi ni mara 20, inatosha, na tundu la maiki lipo. Ila mtumba wake hauonekani mara kwa mara. Usichanganye na HC-V180, ambayo zumu yake ni mara 50 na muuzaji ataisifia hiyo, lakini haina tundu.

Namba tatu ni Sony HDR-CX405 ya 2015. Ndogo, nyepesi, waya wa USB umefichwa ndani ya mkanda wa mkono, na inaanza pana kuliko Canon. Haina tundu la maiki. Ukiipata kwa bei nzuri inunue pamoja na rekoda ndogo ya sauti, uiweke mfukoni kwa MC, kisha piga makofi mara moja mbele ya kamera kabla ya kuanza, rekoda ikiwa imeshawashwa. Ukiwa unahariri, unalinganisha mlio wa lile kofi kwenye rekoda na kwenye video, na unasahau tatizo. Kwa mtu anayetaka kurekodi watoto na mahafali ya chekechea tu, hii ni namba moja.

Namba nne ni simu uliyonayo, na silaumu mtu atakayeishia hapa. Simu nzuri ikiwa na maiki ya kubana na stendi inashinda kamkoda ya zamani mchana kweupe. Shida ni zumu, nafasi kujaa katikati ya nyimbo za kwaya, na mjomba kukupigia wakati wa kiapo. Weka hali ya ndegeni.

Namba tano ni DSLR ya mtumba, yaani kamera ya picha za kawaida yenye lenzi ya kubadilisha, hasa Canon 600D, ambayo kila kijana anayetaka kuwa mpiga picha anaiwania. Picha zake tamu, tundu la maiki inalo. Lakini kwenye video inakata faili likifika GB 4, kama dakika 12 za Full HD, na haifuatilii fokasi yenyewe mtu akitembea. Ibada ya ndoa haitakusubiri ubonyeze tena.

Za mkanda wa MiniDV na za sidii ndogo wachia wenye makumbusho.

Na za mwisho kabisa, chini ya hizo zote tano, ni zile kamera zisizo na jina zilizoandikwa 4K 48MP zenye taa juu. Niliingia duka moja Arusha, karibu na Barabara ya Sokoine, kijana akanipokea: «Mangi, hii ni 4K, zumu mara 16, na maiki unapewa bure.»

«Nivutie ile saa ya ukutani.»

Akavuta. Lenzi haikusogea hata nywele. Namba za saa zikavimba, zikawa vibonge vya kijivu. Hiyo ni zumu ya dijitali: kamera inakata katikati ya picha na kuitanua. Na hiyo 4K mara nyingi ni picha ndogo iliyopulizwa, si kitu sensa ilichoona.

Ukienda kununua, beba memori kadi yako, spika za masikioni na tochi ya simu. Mulika ndani ya lenzi kwa ubavu utafute ukungu, unaonekana kama utando wa buibui. Fungua na kufunga kile kioo cha pembeni mara kumi polepole. Kikizima katikati, waya wake wa ndani unakatika. Rekodi dakika tano chini ya taa ya tyubu, usisimame kwenye mwanga wa mlangoni anapokuelekeza muuzaji. Sikiliza.

Hela ya kadi usiibane. Full HD ya ubora wa Mbps 24 (megabiti 24 kwa sekunde) hula karibu GB 11 kwa saa, kwa hiyo kadi ya GB 32 ni saa tatu kasoro, na shughuli ya Kichaga haiishi kwa saa tatu. Kadi bandia zimejaa: imeandikwa 64, ndani ni 8, na kinachozidi hapo kinapotea bila kukwambia. Programu ya bure ya H2testw kwenye Windows inaijaza kadi na kuisoma upya. Fanya hivyo siku uliyoinunua. Betri nunua ya pili, na kama uko Marangu au Machame asubuhi ya baridi, ile ya akiba kaa nayo mfuko wa ndani wa koti.

Ukiagiza Kariakoo ije kwa basi, mwombe muuzaji akupigie kwa video, aingie kwenye menyu akuonyeshe ile 50 kwa macho yako, kisha aandike namba ya kamera (serial number) kwenye risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Akisema chaji imeisha, mwambie utasubiri ijae.