Python na namba kubwa: nilivyokutana na kikomo cha tarakimu 4300

Huu ni mwaka wa pili naitumia Python 3.11, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, hapa Langoni, Lamu, kuwasomeshea hisabati watoto wa mtaa wetu baada ya alasiri. Niliipendea namba zake nzima. Lugha nyingi za programu hukomea biti 64 (nafasi 64 za 0 au 1), ukivuka 9,223,372,036,854,775,807 hesabu inaharibika. Python huirefusha namba kwa vipande vya biti 30, mpaka memori ishe.

Kwa hiyo nilishtuka mpwa wangu alipozidisha 1 kwa 2 kwa 3 hadi 2000, akaniita, "Mjomba, imekataa!" Ya 1000 ilikuwa imetoka bila taabu, tarakimu 2568, na sifuri 249 za mwishoni tulizihesabu kwa kidole kwenye skrini. Hii ya 2000 ikaleta kosa: imezidi tarakimu 4300.

Kumbe jibu lilikuwemo ndani. Tuliligawa kwa 7, baki 0. Kilichozuiwa ni kuliandika. Kompyuta huiweka namba kwa mfumo wa mbili, na kuigeuza iwe ya mfumo wa kumi ni kazi nzito: tarakimu zikiongezeka maradufu, kazi inakuwa karibu mara nne. Mwenye nia mbaya angeipelekea seva, kompyuta inayohudumia watu mtandaoni, tarakimu malaki, ikashindwa kuhudumia wengine. Ndipo mwaka 2022 kikomo kikawekwa.

Ujumbe wenyewe ulitwonyesha njia, tukaandika sys.set_int_max_str_digits(0), hiyo 0 maana yake bila kikomo. Zikamiminika tarakimu 5736, sifuri 499 mwishoni, sawasawa na alivyokwisha kupiga mpwa wangu kwenye daftari kwa kugawa 2000 kwa 5, 25, 125 na 625, akaacha mabaki na kujumlisha majibu. Aliruka!

Kisha tukajaribu 2 kwa kipeo cha milioni 10. Hesabu ilikwisha papo hapo. Kuiandika ndiko kulikotuweka: feni inavuma, skrini tupu, adhana ya magharibi ikaanza na kumalizika. Kwa hex(), amri ya kuiandika namba kwa mfumo wa 16, ilitoka mara moja, maana mfumo huo hauhitaji ugeuzaji ule, wala kikomo hakiuhusu.

Darasani kikomo nakiondoa. Kwenye programu inayopokea namba za watu nisiowajua, nakiacha palepale. Sasa mpwa wangu anaitaka namba tasa iliyotangazwa Oktoba 2024, 2 kwa kipeo cha 136,279,841 kutoa 1, yenye tarakimu 41,024,320. Nimemfundisha pow(2, 136279841, 10**10) - 1, inayochukua baki tu la kugawa kwa 1 yenye sifuri kumi, apate tarakimu kumi za mwisho kwanza.