Kuagiza Caterham Seven ya Kujiunganishia: Ya Kuchagua Kiwandani na Ya Kuahirisha

Caterham Seven ni gari dogo la wazi lenye viti viwili, ambalo mnunuzi anaweza kulipokea likiwa tayari kuendeshwa au likiwa ndani ya maboksi, aliunge mwenyewe kwa spana zake. Tathmini hii inahusu njia ya pili, na hasa ile fomu ya kuagizia. Asili ya gari hili ni Lotus Seven ya mwaka 1957, iliyobuniwa na Colin Chapman na kuuzwa kwa vipande kwa sababu sheria za Uingereza za wakati ule zililitoza gari lililokamilika kodi ambayo seti ya vipuri haikutozwa. Nafuu hiyo ilikwisha mwaka 1973, kodi ya ongezeko la thamani ilipoanza, na mwaka huohuo Graham Nearn wa Caterham Cars akachukua haki za kuendelea kulitengeneza. Leo hakuna anayejiunganishia Seven ili kukwepa kodi. Anayefanya hivyo anataka kulijua gari lake nati kwa nati, na mtu wa namna hiyo anastahili kuipa fomu ya kuagizia muda uleule atakaoupa ujenzi.

Fomu yenyewe inachosha. Rangi, rimu, siti, mikanda, injini, difu (gia za nyuma zinazogawa nguvu ya injini kwa magurudumu mawili), taa na vipande vya kaboni vyote vimepangwa kana kwamba vina uzito mmoja, ilhali sivyo. Kuna vitu ambavyo gari likishasimama juu ya magurudumu yake havibadiliki tena bila kulifumua, na kuna vingine vinavyofungwa kwa bolti nne Jumamosi yoyote. Baada ya kupitia orodha hii kwa makini, nina hakika kwamba fedha iende kwanza kwenye vile vya kundi la kwanza, hata kama gari litatoka na sura ya kawaida kwa mwaka mzima.

Cha kwanza kati ya hivyo ni chasisi. Seven hutengenezwa kwa vipimo viwili: chasisi nyembamba iitwayo S3, ambayo ndiyo yenye umbo la asili, na chasisi ya SV, iliyo pana zaidi kwa takribani milimita 110. Tofauti hiyo ni ndogo ukiisoma kwenye karatasi, lakini ndani ya gari ni kubwa mno. Katika S3 pedali tatu zimebanana kiasi kwamba kiatu chenye soli pana hugusa breki na kichapuzi kwa pamoja, mguu wa kushoto hauna pa kupumzika pembeni mwa klachi, na kiwiko cha upande wa nje hutoka nje ya bodi kwa sababu ndani hakina nafasi. Mtu mwembamba mwenye viatu vyembamba atayapenda haya yote, maana gari humkaa kama nguo iliyoshonwa kwa kipimo chake. Mtu mwenye mabega mapana atateseka. Kwa hiyo asiagize yeyote kabla ya kukaa ndani ya chasisi zote mbili akiwa amevaa viatu atakavyoendeshea, akakanyaga klachi hadi mwisho na kuuzungusha usukani kikamilifu pande zote mbili. Mrefu anayetamani S3 achague pia sakafu iliyoshushwa, ambayo hukiweka kiti chini zaidi na kukiokoa kichwa na upepo unaopita juu ya kioo. Gharama yake ni kwamba sakafu hiyo hukaribia barabara zaidi, na kwenye matuta dereva hana budi kupunguza mwendo.

Injini huchaguliwa pamoja na mfumo wa nyuma wa gari, ingawa wengi huzitazama nguvu za farasi peke yake. Seven 170 ina injini ya Suzuki yenye silinda tatu, ujazo wa sentimita za ujazo 660 na tabo (turbo), inayotoa nguvu za farasi 84 katika gari la takribani kilo 440, na magurudumu yake ya nyuma yameshikwa na ekseli nzima ya mtindo wa zamani. Seven 420 ina injini ya Ford ya lita 2.0 yenye nguvu za farasi 210 katika uzito wa takribani kilo 560, na nyuma ina mfumo wa De Dion, yaani bomba jepesi linaloyaunganisha magurudumu huku difu ikiwa imefungwa kwenye chasisi yenyewe. Faida ya mpangilio huu ni kwamba uzito wa difu haurukiruki pamoja na matairi, na kwenye barabara mbovu gari hutulia zaidi. Hata hivyo siioni 170 kuwa na dosari kwa kukosa mfumo huo. Kwa anayeendesha kwenye barabara za kawaida tu, gari dogo linalotumiwa uwezo wake wote lina raha kuliko kubwa linaloshikwa hatamu muda wote. Atakayekwenda kwenye viwanja vya mbio achague 420, na hapo ndipo swali la difu linapokuwa zito.

Difu ya kawaida hupeleka nguvu kwa gurudumu lenye mshiko mdogo. Katika kona kali gurudumu la ndani hupungukiwa uzito, likaanza kuzunguka bure, na gari likapoteza msukumo wakati hasa dereva anapouhitaji. Difu yenye kizuizi cha mzunguko huyafunga magurudumu yote mawili kwa kiasi fulani ili hata la nje lifanye kazi. Ningeiagiza hata kabla ya kuchagua rangi, na sababu yangu iko kwenye ujenzi wenyewe. Kuifunga difu ya De Dion ndani ya chasisi ni miongoni mwa kazi zinazowatoa jasho wajenzi: ni nzito, nafasi ni finyu, na inashikiliwa na bolti ndefu za juu ambazo ni lazima zizungukwe na washa (vipete vya chuma) za unene mbalimbali mpaka difu ikae katikati kabisa. Mtu mmoja huinyanyua kwa jeki, mwingine huchomeka washa moja, hupima kushoto na kulia, huitoa na kujaribu nyembamba zaidi. Kuibadilisha baadaye maana yake ni kutoa shafti za magurudumu, kulishusha bomba la De Dion, kuiondoa propela (shafti inayoileta nguvu kutoka kwenye giaboksi), kisha kuurudia mchezo wote wa washa. Hakuna kipengele kingine kwenye fomu ambacho tofauti ya usumbufu kati ya sasa na baadaye ni kubwa kiasi hicho.

Kwa 420, giaboksi ya gia tano, itokayo kwenye Mazda MX-5, inatosha. Katika gari jepesi namna hii injini haihangaiki kati ya gia moja na nyingine, na ya gia sita ningemwachia mtu wa mashindano. Mfumo wa oili wenye tangi la pembeni ni jambo jingine: katika kona ndefu za uwanjani oili iliyo ndani ya karta ya kawaida (bakuli la oili chini ya injini) hukimbilia upande mmoja, pampu ikavuta hewa na beringi zikakauka. Anayejua kwamba ataenda uwanjani mara kwa mara auagize tangu mwanzo, kwa sababu unagusa karta, pampu na mabomba, na injini ikishaingia nafasi ya kufanyia kazi hizo ni ndogo sana.

Kiwanda kimekusanya mambo mengi katika vifurushi viwili, S kwa matumizi ya barabarani na R kwa anayependa mwendo mkali. S huleta starehe za kawaida, kama vile hita, zulia na siti za ngozi. R huleta siti ngumu za mashindano, mikanda yenye ncha nne na ile difu niliyoisifu. Uamuzi wangu si wa kufuata kifurushi chochote kizima. Difu ya R pamoja na kioo kamili cha mbele, paa la turubai na hita ndiyo mchanganyiko ninaoupendekeza kwa gari litakaloendeshwa barabarani katika hali ya hewa yoyote. Hita hasa isidharauliwe, kwa kuwa mipira yake imeunganishwa na maji ya injini, na kuiongeza baadaye kunadai kuyamwaga maji yote na kuzipanga upya njia zake nyuma ya injini, mahali ambapo mkono hauingii kwa urahisi. Kioo kidogo cha mashindano kinapendeza machoni, lakini humlazimu dereva kuvaa helmeti, na safari ya saa mbili hugeuka adhabu.

Rimu, usukani, vioo vya pembeni na mapambo ya kaboni yangoje. Angalizo ni moja tu: anayekusudia kuweka breki kubwa ahakikishe zinaingia ndani ya rimu alizozichagua. Vilinda mawe vya bawa za nyuma (madigadi yanayofunika magurudumu), kwa upande mwingine, viagizwe na vifungwe kabla ya safari ya kwanza, kwa sababu matairi ya mbele hurusha kokoto moja kwa moja kwenye rangi ya bawa hizo.

Ikilinganishwa na Factory Five ya Marekani, kampuni iliyoanza mwaka 1995, Seven huacha machache zaidi mikononi mwa mjenzi. Seti kamili ya Roadster ya Factory Five huja bila injini, giaboksi, ekseli ya nyuma, rimu, matairi wala rangi, na mjenzi huvitafuta mwenyewe. Huo ni uhuru mkubwa kwa fundi mzoefu. Kwa anayejenga kwa mara ya kwanza naiona Seven kuwa salama zaidi, kwani injini na difu zimekwisha kuoanishwa na kiwanda.

Kwa Uingereza, gari likikamilika ni lazima lipite ukaguzi wa IVA (Individual Vehicle Approval, yaani idhini ya gari mojamoja), uliochukua nafasi ya ule wa awali wa SVA mwaka 2009, kabla ya kusajiliwa. Wakaguzi hupima breki, moshi, kelele za ekzosi na usahihi wa kipima mwendo, na kingo za nje zinazoweza kumjeruhi mtu hutakiwa ziwe na mviringo wa nusu kipenyo kisichopungua milimita 2.5, ndiyo maana wajenzi hufunika vichwa vya bolti kwa vifuniko vya plastiki. Caterham hutoa huduma ya kulikagua gari baada ya ujenzi, kabla ya siku hiyo, ambapo mafundi wake hutazama kama bolti zimekazwa inavyopaswa na kama magurudumu yamepangwa sawasawa. Mjenzi aliyekaza bolti za usukani na breki kwa mikono yake anahitaji jicho la pili lisilochoka, hivyo kisanduku hicho kwenye fomu nisingekiacha wazi hata kama kingenilazimu kuahirisha rimu na rangi ya ziada.