Kikaguzi cha Node.js: kimo ndani tayari, na kinatosha

Ukishasakinisha Node.js, programu inayoendesha JavaScript nje ya kivinjari, huna haja ya kununua chombo kingine cha kusakia bagi, yaani kasoro za msimbo. Kikaguzi (inspector), chombo cha kuutazama msimbo ukiwa unaendeshwa, kimo humo humo tangu toleo la 6.3 la mwaka 2016, na kwa kazi nyingi za seva kinatosha kabisa. Inasikitisha kwamba bado watu wanajaza `console.log`, amri ya kuchapisha thamani, kila mahali, wanawasha upya, wanasoma, kisha wanafuta mmoja mmoja.

Washa kwa `node --inspect app.js`. Kitasikiliza poti 9229 kwenye 127.0.0.1, yaani ndani ya mashine hiyo tu. Fungua `chrome://inspect` ndani ya Chrome, programu yako itaonekana kwenye orodha, bofya kiungo kilicho chini yake. Kama bagi inatokea programu inapowaka tu, msimbo utakuwa umeshapita kabla hujaunganisha. Tumia `--inspect-brk`, isimame kabla ya mstari wa kwanza ikusubiri.

Kinachokipa kikaguzi hiki thamani ni kituo chenye sharti (conditional breakpoint): msimbo husimama kwenye mstari uliouchagua pale tu sharti linapotimia. Tuseme baadhi ya oda zilizolipwa zinakataliwa. Bofya kulia kwenye namba ya mstari, weka sharti `oda.jumla !== oda.malipo`, acha maombi yapite. Itasimama kwenye oda yenye kasoro tu, na pembeni utaona `jumla` ni 15000 lakini `malipo` ni "15000", ndani ya alama za nukuu. Maana yake imetoka kwenye fomu kama maandishi, na hakuna aliyeigeuza kuwa namba. Kwa `console.log` ya kawaida, zote mbili zikiwa ndani ya sentensi moja, usingeona tofauti.

Ila kumbuka: JavaScript ya Node inakwenda kwenye uzi mmoja (thread), kazi moja baada ya nyingine. Ukisimamisha ombi moja, wateja wote wamesimama. Kwenye seva yenye watumiaji weka logpoint, inayoandika thamani bila kusimamisha chochote.

Seva ikianza kusumbua baada ya siku kadhaa, usiizime. Kwenye Linux au Mac, `kill -USR1` pamoja na namba ya mchakato huwasha kikaguzi papo hapo.

Kwa kumbukumbu inayovuja, chukua picha mbili za kumbukumbu (heap snapshot) kwenye kichupo cha Memory, moja kabla na nyingine baada ya kuipa seva mzigo, kisha uzilinganishe. Tahadhari: kupiga picha husimamisha seva na huhitaji kumbukumbu karibu mara mbili ya heap iliyopo, yaani sehemu ya kumbukumbu inayoshika data za programu. Kontena lenye kikomo kidogo cha kumbukumbu huuawa katikati ya kazi.

Kosa linalosumbua wengi ni `NODE_OPTIONS=--inspect npm start`. npm, meneja wa vifurushi vya Node, nayo ni programu ya Node, kwa hiyo inaishika 9229 kwanza, na programu yako inaambiwa poti ina mtu. Weka `--inspect` ndani ya skripti ya package.json.

Malalamiko yetu makubwa ni usalama: kikaguzi hakina nenosiri. Ukiandika `--inspect=0.0.0.0`, yaani anwani zote za mashine, kwenye seva iliyo wazi kwa intaneti, yeyote atakayeifikia poti hiyo ataendesha msimbo wowote anaotaka. Pitia SSH, njia salama ya kuunganisha na seva kutoka mbali: `ssh -L 9229:localhost:9229 mtumiaji@seva`. Ndani ya kontena la Docker kwa kawaida 0.0.0.0 haikwepeki, basi chapisha poti kwa `-p 127.0.0.1:9229:9229`, isitoke nje ya mashine.