TAHADHARI: Fundi wa Kariakoo anayekwaruza sensa ya kamera halafu anakwambia imekufa

Wapiga picha wenzangu, hasa mnaopeleka kamera Kariakoo, naomba msome hii kabla msimu wa harusi haujachanganya.

Wiki mbili zilizopita nilipeleka bodi yangu (kamera yenyewe bila lenzi) kusafishwa sensa, kile kipande cha ndani kinachonasa picha. Shida ilikuwa ndogo: madoa matatu ya vumbi yaliyoonekana angani nikipiga kwa f/16, yaani tundu la lenzi likiwa dogo. Fundi akasema elfu 60, nusu saa. Akaingia nayo chumba cha nyuma, nami nikabaki nimekaa mbele. Alipotoka akanionyesha picha moja kwenye skrini, ameipiga kwa f/2.8, tundu likiwa wazi, safi kabisa. Nikalipa.

Jumamosi nikawa Kigamboni ufukweni na maharusi. Jua kali, nikabana tundu la lenzi hadi f/11. Mistari minne myembamba imekatiza angani, kama mtu kapitisha sindano. Kila picha. Nimekesha siku tatu kuifuta, picha moja baada ya nyingine.

Niliporudi kwake akaniambia: "Kaka, hizo ni alama za taa za leza za ukumbini. Sensa imeshakufa." Akajitolea kuninunulia bodi kwa laki 2 akaifanye spea. Bodi niliyoinunua milioni 2 na laki 3!

Hapa naomba mnisikilize vizuri, maana uongo wenyewe uko hapa. Leza kweli inaua sensa. Mwanga wake ukiingia kwenye lenzi unachoma pikseli zenyewe, na alama inayobaki ni doa au mstari wa rangi, mara nyingi umenyooka toka ukingo hadi ukingo, na hauondoki hata ufungue lenzi hadi f/1.8. Mistari yangu ilipotea kwenye f/2.8 ikarudi kwenye f/11. Maana yake iko juu ya kioo cha kichujio kinachofunika sensa, na sensa chini yake ni nzima. Vumbi nalo hukaa juu ya kioo hichohicho. Ndiyo sababu alinionyesha picha ya f/2.8: hapo huoni doa wala mkwaruzo.

Fundi mwingine alimulika na tochi tukaona mikwaruzo yote minne, na nyuzi za pamba zimenasa pembeni. Jamaa alitumia pamba za masikioni! Kazi hii ina vijiti vyake bapa, kila kimoja kwenye pakiti yake, upana wa milimita 24 kwa sensa kama yangu ya 36 kwa 24, na milimita 16 kwa zile ndogo. Kwanza unapuliza kwa pampu ya mpira, bodi imeinamia chini, mchanga utoke. Ndipo unatia matone mawili ya dawa yake, unapitisha upande mmoja mara moja, unageuza unarudi na upande wa pili, kijiti unatupa. Anayesugua bila kupuliza anasugua mchanga kwenye kioo. Na ukimwona fundi kashika kopo la hewa la kusafishia kompyuta, chukua bodi yako uondoke, maana likiinama linatema kimiminika cha baridi kali moja kwa moja kwenye kioo.

Tangu nianze kulisema hili, wawili wamenitumia ujumbe. Wote waliambiwa leza, wote wakatajiwa bei ya spea. Mmoja alikubali, akauza.

Kabla hujamkabidhi mtu yeyote bodi, piga karatasi nyeupe kwa f/22, ISO 100, lenzi isiwe imefokasi. Itunze hiyo picha. Andika namba ya bodi. Akimaliza, piga karatasi ileile mbele yake, kuza picha hadi kwenye kona, kisha ndiyo utoe hela. Betri nayo iwe imejaa: kwa kamera za DSLR, zenye kioo cha kuakisi mbele ya sensa, chaji ikikata katikati ya kazi, shata (pazia la sensa) inafunga na kioo hicho kinashuka juu ya kijiti.

Yangu sasa iko kwa fundi wa pili inasubiri kioo kipya cha kichujio. Na nimeambiwa kuna dada kaacha bodi yake kwa yule jamaa tangu Jumanne. Dada, kama unasoma hapa, kaifuate leo, na upige hiyo karatasi kabla hujatoka mlangoni kwake.